Maganda Yaliyonyamaza

Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba ya marehemu baba, saa tisa alasiri, katikati ya mwezi wa tisa, jua likiwa kali kiasi cha kuwafanya kuku wajikunyate chini ya kitanda cha kamba huku midomo yao ikiwa wazi. Kikao kilikuwa hakijaanza. Baba mdogo alikuwa akimsubiri mdogo wangu arudi na pikipiki, shangazi alikuwa akipepeta karanga, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nikisubiri kitu ambacho sikujua kwamba nakisubiri, mpaka nilipotambua kuwa hakiji.

Nilikuwa nikisubiri maganda yapasuke.

Mtundu na myombo, miti ya mapori yetu, hubeba mbegu zake ndani ya maganda mapana, magumu kama ubao mwembamba, na kiangazi kinapopamba moto maganda hayo hukauka, hujikaza, kisha hupasuka ghafla na kuzirusha mbegu mbali. Mlio wake ni mkavu, kama wa kijiti kinachovunjwa gotini. Alasiri za utoto wangu kule Urambo zilijaa milio hiyo: mmoja hapa, miwili kule, kimya, halafu kumi kwa mpigo upepo unapopita. Hakuna aliyeizungumzia. Ilikuwa sehemu ya mwezi wa tisa kama vumbi lilivyokuwa.

Alasiri ile nilitega sikio mpaka pikipiki iliporudi. Sikusikia hata mmoja.

"Baba mdogo," nikamwuliza, "ile mitundu ya bondeni iko wapi?"

"Ilikwisha, mama. Ilikwenda banini."

"Yote?"

"Imebaki ile ya baba yako, ng'ambo ya mto. Ndiyo tuliyokuitia."

Bani ni banda la kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. Jibu hilo limekaa nami kwa majuma mengi, na ninaandika kwa sababu nimeshindwa kulitoa kwa njia nyingine.

Kikao

Jambo lenyewe lilielezwa kwa dakika chache. Binti wa mdogo wangu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ilihitajika. Baba aliacha ekari nane ambazo hazijawahi kufyekwa kwa mikono yetu. Baba mdogo na mdogo wangu walipendekeza zifunguliwe kwa ajili ya tumbaku, na magogo yake yatumike kukaushia tumbaku hiyohiyo, ili gharama ya kuni isiwepo. Wote walikuwa wamekubali. Nilibaki mimi, mtoto wa kwanza.

Mdogo wangu alizungumza akiwa ameinamisha kichwa. "Dada, mimi sipendi kuikata. Nimeokota uyoga mle kama wewe ulivyookota. Lakini niambie kingine ninachoweza kuuza."

Sikuwa na la kumwambia. Nilisema nitafikiri.

"Fikiri, mama," akasema baba mdogo, bila hasira. "Lakini mvua haifikiri."

Jioni hiyo nilipanda basi kurudi Tabora mjini. Kando ya barabara magunia ya mkaa yalisimama mawilimawili, yamefungwa vilemba vya majani, na nyuma ya baadhi yake alisimama mtoto wa umri wa wanafunzi wangu. Nilijaribu kutohesabu magunia. Nilifika sitini na tatu kabla giza halijaingia.

Hesabu za usiku

Kwa muda mrefu nimekuwa mtu wa kusoma habari za mazingira usiku, kitandani, simu ikiwa usoni. Nilianza kwa sababu ya somo ninalofundisha, kisha nikaendelea kwa sababu sikuweza kuacha. Nilikuwa najua kwamba kufikia mwaka 2007 asilimia 85 ya barafu iliyofunika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imetoweka. Nilikuwa najua kwamba Ziwa Tanganyika linapopata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri kama zamani, hivyo virutubisho vilivyolala vilindini havipandi kulisha viumbe ambavyo dagaa huvitegemea. Na mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapumzike, nilimweleza muuza dagaa wangu sababu yake kana kwamba ni mimi niliyeamua. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza watoto wake watakula nini hadi Agosti.

Baada ya kikao kile, nambari moja ilikataa kutoka kichwani. Viongozi wetu huitaja mara kwa mara: Tanzania hupoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi na kuiandika ubaoni. Usiku ule niliigawa kwa siku, nikapata zaidi ya hekta 1,280. Nikaigawa kwa saa, nikapata zaidi ya hekta 53. Kisha nikachukua ekari nane za baba, ambazo ni hekta tatu na kitu, nikatafuta nchi inazimaliza kwa muda gani.

Chini ya dakika nne.

Msitu ambao baba aliuzunguka maisha yake yote, ambao nilikuwa nikiulilia kimyakimya ndani ya basi, ulikuwa sawa na muda wa kuchemsha chai.

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri kilichonitokea baada ya hapo. Wengine hukiita huzuni, lakini huzuni ninaijua, nimezika wazazi. Hiki kilikuwa ni kuelemewa. Kila nilichoshika kilikuja na hesabu yake. Nilipowasha jiko la mkaa nilikumbuka kwamba tanuri la udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa, na maharage yangu yakawa mti. Nina mtungi wa gesi, lakini huisha katikati ya mwezi, na mshahara hauishi kwa mpangilio unaofuata mtungi. Nilisoma kwamba Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na badala ya kupata faraja nikahesabu miaka iliyobaki, nikaizidisha kwa 469,420.

Darasani mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, sasa sisi tufanye nini?" Nilimjibu kwa maneno ya kitabuni. Alikaa chini, na nikaona usoni mwake kwamba ametambua.

Ada yangu

Lazima niseme jambo ambalo kwa wiki mbili za mwanzo nililizunguka.

Mimi nimesoma kwa tumbaku. Sare, kitanda cha bweni, nauli ya treni, kitabu cha kwanza nilichomiliki mwenyewe, vyote vilitoka kwenye mitumba ya tumbaku iliyopimwa sokoni mwezi wa tano na wa sita. Na kila jani lililokuwa ndani ya mitumba hiyo lilikaushwa kwa miti.

Nililinda moto wa bani tangu nikiwa na miaka tisa. Majani hufungwa kwenye fito na kutundikwa safu juu ya safu, na moto wa tanuru hupita ndani ya mabomba yaliyolazwa sakafuni, ili moshi usiguse jani na joto peke yake lifanye kazi. Mwanzoni joto huwa dogo, jani linageuka njano polepole. Kisha linapandishwa, jani linakauka. Mwisho linapandishwa sana hadi uti wa jani wenyewe unakauka na kulia ukivunjwa. Yote hayo huchukua takriban wiki nzima, usiku na mchana, na moto ukilala usiku mmoja, kazi ya miezi inaharibika. Kwa hiyo baba hakulala. Nilikuwa nakaa naye mdomoni mwa tanuru, tunachoma viazi kwenye majivu, naye ananifundisha kumtambua mti kwa harufu ya moshi wake. Huu myombo. Huu muva. Huu usiuweke, ni mninga, huu ni wa kitanda.

Ni katika kumbukumbu ninazozipenda kuliko zote nilizonazo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Nilikuwa nimejizoeza kuwaza uharibifu kama kitendo cha watu wengine, wenye tamaa, wenye misumeno ya mnyororo, walio mbali. Sasa nilipomtafuta mharibifu wa ile mitundu ya bondeni nilimkuta baba yangu ameketi kwenye kigoda, uso wake ukimulikwa na moto, akinimenyea kiazi. Na pembeni yake nilikuwepo mimi, nikisogeza gogo.

Jani lile halikubaki Urambo. Lilikwenda viwandani, na mengi yake nje ya nchi, likavutwa na watu ambao hawajawahi kusikia jina la mtundu, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Sikuweza hata kusema kwamba msitu uligeuka kuwa kitu chema. Uligeuka kuwa mimi, na kuwa moshi.

Neno pori

Kwa siku kadhaa nilishikwa na neno moja. Katika kikao kile hakuna aliyesema "msitu". Tulisema pori. "Lile pori la marehemu." "Limebaki pori tu."

Msitu ni neno la wizara na la mabango. Pori ni neno letu, na ndani yake kuna hukumu: pori ni mahali ambapo mtu bado hajafika kufanya kazi. Ndiyo maana tunasema "kufungua shamba", kana kwamba ardhi ilikuwa imefungwa ikisubiri mwenye ufunguo. Hakuna mtu anayeinua shoka akisema moyoni mwake kwamba anaharibu mazingira. Anasema anafungua.

Hukumu hiyo si yetu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta matingatinga Urambo kwa ajili ya mpango wao wa karanga, uliokuwa pia Kongwa na Nachingwea, kwa sababu kwenye ramani zao waliona ardhi iliyokaa bure. Waling'oa miti bila kuuliza mvua inanyeshaje wala udongo ukoje. Mwaka 1951 mpango ulikwisha kuachwa, ukiwa umeigharimu Uingereza takriban pauni milioni 36, na ardhi iliyofyekwa kwetu ikaja kulimwa tumbaku. Tunapotembea leo kati ya Urambo mjini na vijiji vyake tunatembea juu ya kosa la watu ambao hawakukaa kuliona likikomaa.

Hofu ya bibi

Nilikuwa karibu kuridhika na wazo hilo, kwamba tatizo ni jina, nilipomkumbuka bibi.

Bibi mzaa baba hakulipenda pori hata siku moja. Alipokuwa binti, pori lilikuwa makazi ya ndorobo, na ndorobo alileta malale, ugonjwa uliomchukua dada yake akiwa anasinzia mchana wa jua kali. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya mahali pamoja na kufyeka miti kuwazunguka ili nzi asifike. Kwa bibi, mahali peupe palikuwa mahali pa uzima. Shoka lilikuwa dawa kabla halijawa kitu kingine. Mtu akimwambia kwamba mjukuu wake amekosa usingizi mjini kwa ajili ya mitundu, angeuliza kama nimelogwa.

Na kule walikohamishwa watu, mashamba yao yalirudi kuwa pori. Baadhi ya miti mikubwa ambayo wageni huipiga picha wakidhani haijawahi kuguswa imeota juu ya mifereji ya matuta ya viazi ya mtu fulani aliyehamishwa kwa amri.

Wazo hili lilinisumbua kwa namna mpya. Nilikuwa nimebeba picha ya msitu safi, wa tangu mwanzo, na sisi tukiwa ndio doa lililoingia juu yake. Sasa nikaona watu waliingia, wakatoka, wakarudi, na miti vilevile. Sisemi hivyo kupunguza uzito wa yanayotokea leo. Mwendo wa leo haufanani na wa zamani: sisi ni wengi zaidi, soko liko mbali zaidi na halishibi, na kipindi cha kupumzisha ardhi ambacho babu alikipima kwa miaka ishirini sasa kinapimwa kwa miwili au mitatu. Lakini nilikuwa nimejipa kazi ya kuomboleza kitu ambacho hakikuwahi kuwa kama nilivyokidhania.

Hata mzinga

Kitu cha mwisho nilichokuwa nimekishikilia kilikuwa nyuki.

Baba alitundika mizinga katika ekari zile nane. Nikijipa moyo nilisema: angalau hiki kilikuwa kizuri bila doa, asali ya Tabora inayojulikana nchi nzima, na msitu uliosimama. Kisha, nikiwa naosha vyombo, nikakumbuka jinsi mzinga wenyewe ulivyotengenezwa. Baba alichagua myombo ulionyooka, akalikata gome lake kuzunguka shina juu na chini, akalipasua kwa urefu, akalivua zima kama mtu anavyovuliwa koti. Akalifunga kuwa bomba, akaziba miisho. Mti ulibaki umesimama uchi, na kwa kuwa chakula cha mti hushuka kupitia gome, ulikufa wima. Mzinga mmoja, mti mmoja. Chuo cha nyuki kipo hapahapa Tabora na kwa miaka mingi kimefundisha mizinga ya masanduku, lakini gome halikuwa na bei, na sanduku lilikuwa na bei.

Niliacha vyombo kwenye karai nikaenda kukaa kibarazani.

Nadhani hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Hakukuwa tena na mkono safi wa kushika, wala wa baba, wala wa nyuki wake, wala wangu. Na katika kimya hicho nikaona jambo ambalo sikuwa nimetaka kuliona: zilikuwa zimepita wiki tatu na nusu, na mdogo wangu alikuwa bado hajajibiwa.

Nilikuwa nimesoma juu ya barafu. Nilikuwa nimegawanya nambari ya taifa kwa dakika. Nilikuwa nimechambua neno pori. Na swali nililoulizwa na damu yangu, kuhusu ekari nane na ada ya mtoto mmoja, nilikuwa nimelipita kila siku nikienda kuomboleza dunia nzima. Ile hesabu ya dakika nne, iliyokuwa ikiniponda, ilikuwa pia inanisamehe. Ikiwa ni dakika nne tu, kuna haja gani ya kujibu? Nikikataa, ni dakika nne. Nikikubali, ni dakika nne. Kuelemewa kwangu kulikuwa kwa kweli, sikukuigiza, lakini kulikuwa kumegeuka nyumba ambamo nilijificha nisipigiwe hodi na mdogo wangu.

Nilimpigia simu usiku huohuo. Nilimwambia naja Jumamosi.

Visiki

Ilikuwa nusu ya pili ya mwezi wa kumi, na wanaojua wanajua mitundu huwaje majira hayo. Mvua bado, ardhi imepasuka, na miti inatoa majani mapya mekundu, mekundu ya shaba, kana kwamba imepewa taarifa ya mvua kabla yetu sisi. Kutoka barabarani niliuona msitu wa baba ng'ambo ya mto ukiwaka katikati ya mashamba ya kijivu.

Baba mdogo hakunipeleka huko kwanza. Alinipeleka kwenye shamba la zamani la baba, lile ambalo halijalimwa tangu baba alipougua, miaka kumi na miwili iliyopita. Nilitarajia uwanja wa nyasi. Nilikuta vichaka virefu kuliko mimi na mashina yenye unene wa mkono, matatu manne kutoka kwenye kila kisiki. Katikati yake bani letu lilikuwa limeanguka upande mmoja, na mtundu mmoja ulikuwa umepenya pale ulipokuwa mlango wa tanuru.

"Hii ndiyo laana ya kulima huku," akasema baba mdogo. "Ukimkata, hafi. Visiki vya mtundu vina kichwa kigumu. Kila mwaka unavikata vichipukizi, kila mwaka vinarudi. Baba yako alipigana navyo mpaka akachoka."

Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, kama kero. Kukata vichipukizi ilikuwa adhabu yetu ya Jumamosi. Haikunijia hata mara moja kwamba kile tulichokuwa tukikipiga jembe kila mwaka kilikuwa msitu ukijaribu kurudi. Mizizi ya miombo hukaa hai chini ya shamba kwa miaka mingi, imeshikana na uyoga ambao huilisha na kulishwa nayo, na ndiyo maana shangazi huokota uyoga wake kando ya visiki hivyohivyo mvua zinapoanza. Mti wa kupandwa unahitaji kitalu, maji na mlinzi. Huu ulihitaji tu mtu augue na aache kuukata.

Nilimweleza baba mdogo kuhusu jirani zetu wa Shinyanga, ambako Wasukuma tangu zamani walitenga ngitili, sehemu inayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate malisho kiangazi. Zilikuwa karibu kutoweka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu zilizoorodheshwa, na miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, nyingi zikiwa zimerudi kwa visiki na mizizi iliyoachwa itulie. Alinikatiza.

"Najua ngitili, mama. Nimechunga Kahama nikiwa kijana. Unadhani sisi hatujui? Kujua si shida. Shida ni mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza unakiangalia kichaka, na mtoto anakuangalia wewe."

Nilichojibu

Hatukufikia uamuzi mzuri. Tulifikia uamuzi.

Ekari nane za ng'ambo hazitafunguliwa. Ekari mbili za shamba la zamani, upande wa barabara, zimerudishwa kwenye tumbaku, na ina maana tulikata vichaka vya miaka kumi na miwili. Nilikuwepo, na nilishika panga. Nusu ya ada ya mwaka huu nimeitoa mimi kwa mkopo wa Saccos. Ya mwaka ujao haijulikani. Mikaratusi aliyopanda mdogo wangu bado ni michanga, kwa hiyo kuni za bani la msimu huu zitanunuliwa, na zitatoka mahali fulani, kwenye mitundu ya mtu mwingine ambaye pengine hakuwa na dada mwenye mshahara. Hili linanisumbua kuliko mengine yote. Inawezekana sikuokoa chochote ila nilisogeza shoka kwenye mpaka wa jirani. Nimeliwaza kwa kila upande na sijapata pa kulitulizia.

Usiku bado nasoma, ingawa si kila usiku. Nambari ile bado ni ileile. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili nilimrudia, nikamwambia kwamba siku ile nilimjibu kwa maneno ambayo mwenyewe sikuyaamini, kisha nikamweleza habari za visiki. Aliuliza kama kisiki cha mwembe nacho huchipua. Tulitoka nje kuangalia.

Juma lililopita baba mdogo alipiga simu. Mvua imenyesha vizuri, miche ya tumbaku imeshika. Lakini hakupiga kwa ajili ya tumbaku. Alisema ametembea kuzunguka zile ekari nane na sehemu iliyobaki ya shamba la zamani, na nyasi mwaka huu zitakuwa ndefu sana. Moto wa mwezi wa nane ukiingia mle, vile vichipukizi vyote vitarudi ardhini na sisi hatutakuwa na la kuzungumza. Inabidi tulime barabara ya kuzuia moto mwezi wa sita, nyasi zikiwa hazijakauka kabisa. Kwa watu wanne ni kazi ya wiki mbili.

Nilimwambia shule zitakuwa zimefungwa. Nitakuja.

"Bado unaweza kushika jembe kutwa nzima?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui.

"Basi tutaanzia upande wa bani," akasema. "Pale sasa kuna kivuli."